Nimeondoa kompresa ya AC na pampu ya usukani. Mkanda uliobaki niupitishe wapi?

Swali: Gari langu ni la silinda nne, nalitumia kwa mazoezi ya mbio. Awali mkanda mmoja wa 6PK, yaani wa mistari sita, ulizungusha altaneta (inayochaji betri), pampu ya maji, pampu ya usukani na kompresa ya AC. Nimeondoa hizo mbili za mwisho, na reki (mtambo wa usukani) nimebadilisha nikaweka isiyo na pawa. Tenshona, ile puli ya kukazia mkanda, nayo imetoka kwa sababu haikufikia mkanda mpya. Fundi alitafuta mkanda mfupi akaupitisha krenki (puli ya shafti kuu ya injini), pampu ya maji na altaneta, umekaa kama pembetatu, na anaukaza kwa kuivuta altaneta. Sasa kila asubuhi unapiga kelele, taa ya betri inamulika nikiwasha taa kubwa, na nikipanda mlima joto la injini linapanda ingawa rejeta ni mpya. Puli ya pampu ya maji ni laini, haina mifereji. Ninunue altaneta kubwa zaidi?

Jibu: Usinunue altaneta, ndugu yangu. Na tafadhali usilipandishe tena gari hilo mlimani mpaka mkanda upitishwe upya, kwa sababu pampu yako ya maji inazunguka kinyume.

Umenipa ushahidi mwenyewe uliposema puli yake ni laini. Puli laini hutengenezwa ili isukumwe na mgongo wa mkanda, si na upande wenye mistari. Kanuni yake ni hii: puli zote zilizo ndani ya kitanzi cha mkanda, zinazoguswa na upande wa mistari, huzunguka mwelekeo mmoja na krenki. Puli iliyo nje ya kitanzi, inayoguswa na mgongo, huzunguka kinyume cha krenki. Pampu yako ilibuniwa ikae nje. Fundi alipotengeneza pembetatu aliiingiza ndani, na papo hapo akaigeuza mwelekeo.

Jambo hili hupita bila kuonekana kwa sababu pampu ya maji ya gari haiachi kabisa kufanya kazi ikigeuzwa. Ndani yake kuna panga zinazoyarusha maji kutoka katikati kwenda pembeni. Zungusha kinyume, maji bado yatatoka kwenye mdomo uleule, ila kwa nguvu ndogo sana, maana panga zimepindwa kwa ajili ya mwelekeo mmoja tu. Kwa hiyo barabara tambarare injini inavumilia, na mlima ndio unaoifichua. Rejeta yako mpya haina kosa lolote. Na kuna hasara nyingine juu ya hiyo: mistari ya mkanda inapokaa juu ya puli laini, ni ncha zake tu zinazogusa chuma, hivyo mkanda unashika kidogo na unalika haraka.

Tuje kwenye kelele na taa ya betri. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukilielewa jambo hili utaweza kupitisha mkanda wa injini yoyote.

Mkanda hauvuti puli kwa kuwa umekazwa tu. Unavuta kwa kuikumbatia. Kadiri unavyozunguka sehemu kubwa ya puli ndivyo unavyoshika, na ushikaji huo hauongezeki kwa kujumlisha, unaongezeka kwa kuzidisha. Wabunifu wa mikanda ya aina ya V mara nyingi huanza na hesabu hii: puli ikikumbatiwa nusu mzunguko, yaani nyuzi 180, upande unaovuta unaweza kubeba mkazo mara 5 ya upande uliolegea kabla mkanda haujateleza. Punguza mkumbatio hadi nyuzi 90, hiyo mara 5 haishuki kuwa mara mbili na nusu. Inakuwa kipeuo cha pili cha 5, yaani kama mara 2.2.

Sasa iangalie altaneta yako gari likiwa limesimama kwenye silensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, krenki ikiwa karibu mizunguko 800 kwa dakika na altaneta karibu 2,000. Tuseme umewasha taa na feni, inatoa ampea 50 kwa volti 14. Hizo ni wati 700. Altaneta ya kawaida kwenye mwendo huo hupoteza takriban nusu ya inachopewa, basi mkanda unatakiwa kuleta kama wati 1,400. Kwa puli ya kipenyo cha milimita 60, ukingo wake unakwenda mita 6.3 kwa sekunde, kwa hiyo nguvu inayotakiwa pale ukingoni ni kama uzito wa kilo 23. Ikiwa mkanda unakumbatia nyuzi 180, upande legevu unahitaji mkazo wa kilo 6 tu, na upande unaovuta unabeba 29. Ikiwa unakumbatia nyuzi 100, ambazo ndizo ninazozikisia kwenye pembetatu yako, upande legevu lazima ushikilie kilo 16 na ule mwingine 39. Kazi ni ileile, altaneta ni ileile, lakini mkanda unadai mkazo mkubwa zaidi ya mara moja na nusu. Ukiukosa, unateleza na kulia. Ukiupata kwa kukaza kwa nguvu, gharama inalipwa na beringi za altaneta na za pampu ya maji.

Ndiyo maana altaneta kubwa ingeongeza tatizo. Ingedai nguvu zaidi kutoka kwenye mkumbatio uleule mdogo. Na asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote: betri imetoka kutoa umeme wa kuwashia injini na inataka kurudishiwa, mkanda bado ni wa baridi, pengine na unyevu juu yake.

Kuna kanuni moja ya jiometri ambayo ningependa kila anayegusa mikanda aishike. Jumlisha nyuzi za mkumbatio za puli zote zilizo ndani ya kitanzi, toa nyuzi za puli zilizo nje: jibu ni 360 daima. Pembetatu yako haina puli ya nje hata moja, kwa hiyo puli tatu zinagawana nyuzi 360. Krenki, kwa kuwa kubwa, ikichukua 140 na pampu 120, altaneta inabaki na 100. Huwezi kupata zaidi hata ukihangaika vipi na urefu wa mkanda.

Lakini irudishe pampu ya maji nje ya kitanzi, mgongo wa mkanda uikumbatie nyuzi 90. Halafu rudisha tenshona nayo isukume kwa nje, nyuzi 30 hivi. Jumla ya ndani sasa ni 480, na wanaogawana wamebaki wawili tu, krenki na altaneta. Kila nyuzi unayoitumia mgongoni inarudi ndani. Altaneta inaweza kupata zaidi ya 200, na pampu inazunguka inavyotakiwa. Matatizo yako yote mawili yanatibiwa na njia moja.

Utaona basi kilichotokea. Pampu ya usukani na kompresa hazikuwa zikitumia mkanda tu. Zilikuwa pia zikiuelekeza. Ulipoziondoa uliondoa na kona zilizoufanya mkanda ujipinde kuizunguka pampu ya maji na kurudi kuikumbatia altaneta. Kazi ya usukani na ya AC hukuzihitaji, ya kuuelekeza mkanda uliihitaji.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kufikiria mkanda mfupi, ningekuuliza kama unauhitaji kweli. Njia ninayoiamini zaidi ni puli bubu: unaweka puli tupu yenye beringi mahali palepale ilipokuwa puli ya kompresa, kipenyo kilekile, mstari uleule, na nyingine mahali pa pampu ya usukani. Mkanda wa zamani unarudi, namba ileile, tenshona inarudi pale ilipobuniwa ikae, na hakuna hesabu hata moja ya kufanya. Kwa injini kadhaa zinazopendwa kwenye mbio puli hizi huuzwa tayari na breketi zake. Mkanda ukikatika safarini, unanunua wa kawaida wa gari hilo. Urahisi huo utauthamini siku utakapouhitaji.

Ukishikilia njia fupi, nakuelewa. Nafasi mbele ya injini ina thamani yake, na vitu vichache vinavyozunguka ni vichache vya kuharibika. Ila usitarajie nguvu kubwa ya injini kutokana na kazi hii. Kompresa ambayo klachi yake imeachia inazungusha puli tupu, haili karibu chochote, na pampu ya usukani gari likienda moja kwa moja inakula kidogo. Ulichopata ni uzito uliopungua na nafasi.

Basi anza na karatasi. Simama mbele ya mkanda, pima vituo (yaani katikati ya kila puli) vya krenki, pampu na altaneta, na vipenyo vyake, uvichore kwa kipimo sahihi. Duara za katoni zilizokatwa vizuri na uzi zinatosha. Chora mkanda ukitoka krenki, ukiizunguka altaneta kwa ndani, na pampu ikiusukuma kwa nje kwenye upande mmoja. Pima mkumbatio kwa protrakta. Vipimo ninavyovifuata mimi: altaneta isipungue nyuzi 140, krenki 150, na pampu laini isipungue 90, kwa kuwa mgongo wa mkanda hauna mistari ya kujibana kwenye mifereji. Usiidharau pampu kwa kuwa ni nyepesi kwenye silensa. Mzigo wake hukua kwa mchemraba wa mwendo: ukizidisha mizunguko mara mbili, inadai nguvu mara nane. Wewe unaiendesha injini kwenye mizunguko ya juu, kwa hiyo hapo ndipo itakapoteleza.

Ikiwa pampu imekaa mahali ambapo mkanda wa krenki na altaneta unaigusa kidogo tu, ongeza puli moja ya kati ya kuusogeza mkanda. Puli inayokaa ndani iwe na mifereji, inayosukuma mgongo iwe laini. Kwa ile ya mgongoni mimi sishuki chini ya kipenyo cha milimita 60. Kuupinda mkanda kinyumenyume kwenye puli ndogo kunaupasua mapema.

Tenshona ndiyo sehemu inayokosewa zaidi. Lazima ikae upande legevu, yaani ule unaotoka krenki, si ule unaoingia. Krenki ndiyo inayovuta, kwa hiyo mkanda unaoelekea kwake umenyooka na unaotoka kwake umelegea. Ukitazama kutoka upande wa mikanda, injini nyingi huzunguka kufuata mshale wa saa. Krenki ikiwa chini na vifaa vingine juu yake, mkanda unashuka kulia kwako na kupanda kushoto. Kulia ndiko kunakovutwa, kushoto ndiko kwa tenshona. Hakikisha lakini: injini kadhaa za zamani za Honda, kama za familia ya B na D, huzunguka kinyume cha saa, na kwake kila nilichosema hapa kinageuka. Ukiiweka tenshona ya springi upande unaovutwa, kila unapokanyaga mafuta ghafla mkanda unaisukuma springi nyuma, unalegea upande wa pili na kuteleza. Watu hubadilisha tenshona mbili tatu wakidhani ni mbovu.

Kama hakuna nafasi ya tenshona ya springi, unaweza kukaza kwa altaneta kama mnavyofanya sasa, mradi iwe kwa bolti ya kurekebishia na si kwa mtu kuegemea nondo. Bonyeza katikati ya sehemu ndefu iliyo wazi. Mkanda uingie kama milimita 1.6 kwa kila milimita 100 za urefu huo. Mikanda ile ya kunyumbuka, inayovalishwa kwa kuvutwa bila tenshona, usiiguse kwa kazi hii. Ilipimwa kwa umbali maalumu wa vituo ambao injini yako haina.

Urefu wa mkanda haukisiwi dukani. Weka altaneta au mkono wa tenshona pale ungetaka ikae mkanda ukiwa mpya, zungusha kamba isiyonyumbuka kwenye njia yote ukiipitisha juu ya vilele vya mifereji, weka alama, uipime ikiwa imenyooka. Namba ya mkanda inajieleza: 6PK1230 ni mistari 6, umbo la PK ambalo mistari yake imepishana milimita 3.56, urefu milimita 1,230. Kwa wanaobaki na krenki na altaneta peke yake, kwa mfano injini ambazo pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa taimingi, hesabu inatosha bila kamba: mara mbili ya umbali wa vituo, jumlisha vipenyo viwili vilivyozidishwa kwa 1.57, jumlisha tofauti ya vipenyo iliyozidishwa yenyewe kisha kugawanywa kwa mara nne ya umbali. Krenki ya milimita 150, altaneta ya 60, vituo vikiwa mbali milimita 300, unapata 937 hivi. Na altaneta hapo inakumbatiwa nyuzi 163, bila msaada wa puli yoyote.

Mistari 6 huihitaji tena. Kwa altaneta na pampu ya maji magari mengi hutoka kiwandani na 4PK au 5PK. Ukipunguza mistari, tumia mifereji ya ndani, iliyo karibu na injini, kwenye puli zote; shafti inapindwa kidogo na beringi inaishi zaidi.

Usawa wa puli ndio utakaoamua kama gari litakuwa kimya. Weka rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wa krenki na upime kila puli kutoka hapo, kwa kulinganisha mfereji na mfereji, si ukingo na ukingo, maana kingo hutofautiana unene. Ninaikubali tofauti ya nusu nyuzi, yaani chini kidogo ya milimita 1 kwa kila milimita 100 za mkanda kati ya puli mbili. Kumbuka njia yako mpya ina vipande vifupi. Kosa la milimita 2 ambalo mkanda mrefu ulilimeza, mfupi utalilalamikia. Rekebisha kwa washa, zile pete bapa za chuma, nyuma ya altaneta au ya puli ya kati.

Breketi ya puli ya kati ifikirie kama kitu kinachobeba mzigo. Mkanda ukiwa na mkazo wa kilo 30 kila upande na ukiizunguka puli nusu mzunguko, puli hiyo inavutwa kwa kilo 60, saa zote, huku injini ikitetemeka. Niliwahi kuitengeneza kwa bamba la milimita 5 na bolti moja. Ilionekana imara mkononi, lakini ilipinda kiasi cha kuuhamisha mkanda mfereji mmoja. Tangu hapo natumia chuma cha milimita 10, bolti mbili au zaidi kwenye blok ya injini, na puli iko karibu na bamba kadiri inavyowezekana.

Puli ya krenki yenyewe usiibadilishe na ya alumini kavu kwa sababu tu mifereji mingine haina kazi. Kwenye injini nyingi kati ya ukingo na kitovu chake kuna mpira, na mpira huo unatuliza mtetemo wa kujisokota wa krenki shafti. Mifereji iliyobaki tupu haidhuru. Ila ukague mpira: ukiona umetokeza au ukingo umehama kutoka kwenye kitovu, puli hiyo imekwisha.

Kuna mengine nitayataja haraka kwa sababu wewe umeshapita huko, lakini atakayesoma baada yako huenda bado. Gesi ya AC itolewe na mwenye mashine ya kuivuta. Ikifunguliwa hewani inagandisha ngozi na macho, na inadhuru anga. Kwenye dizeli nyingi pampu ya vakyumu ya breki imefungwa nyuma ya altaneta, kwa hiyo altaneta hiyo haiguswi. Magari mengine busta ya breki (inayoongeza nguvu ya mguu wako) inatumia mafuta ya pampu ya usukani. Ukiondoa pampu umeondoa msaada wa breki. Na kifaa cha kupunguza moshi kinachozungushwa na mkanda, kama pampu ya hewa, sheria za nchi nyingi zinakataza kukiondoa kwenye gari la barabarani.

Ukimaliza, washa injini ikiwa baridi na taa zote zikiwa zimewashwa. Ikilia, nyunyiza maji kidogo kwenye upande wa mistari, mikono na nguo zikiwa mbali. Kelele ikizidi, mkanda unateleza: mkazo au mkumbatio hautoshi. Kelele ikipotea kisha ikarudi baada ya muda mfupi, puli hazijanyooka. Majibu hayo mawili yana tiba tofauti, na kukaza mkanda ni tiba ya la kwanza tu. Tazama pia vipande virefu vilivyo wazi unapopandisha mizunguko. Mkanda ukipiga kama kamba ya kuruka, unahitaji puli ya kuutuliza au utafikia hozi siku moja. Endesha kama dakika 20, zima, acha ipoe, upime mkazo tena, kwani mkanda mpya hulegea kidogo mwanzoni. Kisha lipeleke gari mlimani ukiwa na jicho kwenye geji ya joto. Ikiwa bado inapanda na pampu sasa inazunguka sawasawa, niandikie kipenyo cha puli ya pampu na cha krenki, pamoja na mizunguko unayoitumia, tuangalie kama pampu inazungushwa polepole mno.